Jeanne Jugan njo alianzisha, hapana yule padiri

Bwana Mhariri, jambo sana.

Ninawaandikia kutoka Kadutu, hapa kwetu Bukavu, na kama barua iko ndefu mukate fasi yenye munataka lakini musikate katikati, juu katikati njo kuko jambo lenyewe.

Mu gazeti yenu ya mwisho wa mwezi wa nane, kwenye ule ukurasa wenye munawekaka watakatifu wa juma, muliandika mistari kama kumi juu ya Masista Wadogo wa Maskini, wale bamasere wenye wanatunza wazee. Mukasema shirika yao ilianzishwa Ufaransa na padiri Le Pailleur, akisaidiwa na wasichana wa parokia. Jeanne Jugan mulimuweka kule chini kabisa kati ya hao wasichana, utazani alikuwa anapita tu njiani wakamuita aje kushika ndoo.

Sasa, gazeti miye siisomi peke yangu. Niko na jirani, koko mumoja, macho yake yalizimika zamani, na kila siku ya yenga kisha misa ninaingia kwake na gazeti yenu ninamusomea huku yeye anachambua maharagi kwa vidole, na anachambua vizuri kupita miye mwenye niko na macho mazima. Nilipofika pale pa padiri, vidole vikasimama. Akaniuliza, "Huyo padiri, njo alikuwa anawaosha hao wazee?" Nikamwambia koko, hapa wameandika tu kwamba njo alianzisha. Akasema, "Basi waulize nani alikuwa anafua mashuka." Akarudia maharagi yake.

Njo nawauliza, Bwana Mhariri, lakini jibu ninalo tayari. Kuko myaka nilikaa Nairobi kwa mudogo wangu, upande wa Kasarani, na kule kuko nyumba inaitwa Nyumba ya Wazee, ni hao hao Masista Wadogo wa Maskini wanaiendesha. Mudogo wangu alikuwa anapelekaka kule sabuni na sukari, siku moja nikamufuata, nikarudia tena, mwishowe nikawa ninaenda kusaidia kukata mboga. Masere mumoja wa kule akanipa historia ya mama yao, kwanza kwa mudomo, kisha kwa kitabu kidogo ya Kifaransa, nikaisoma mara tatu, ile mara ya tatu nilisoma na hasira.

Jeanne Jugan alizaliwa tarehe 25 mwezi wa 10 mwaka 1792 kule Cancale, kijiji cha wavuvi kwenye pwani ya Bretagne, magaribi ya Ufaransa. Ilikuwa wakati wa yale Mapinduzi yao makubwa, makanisa yamefungwa, mapadiri wanajificha, katekisimu watoto wanafundishwa chini chini. Baba yake alikuwa muvuvi, na mutoto akiwa na myaka kama mine hivi baba akaenda baharini hakurudi. Siye watu wa ziwa hiyo habari hatuhitaji kuelezwa, kila mutu hapa anajua nyumba moja ya Idjwi ao ya huku pembeni yenye baba alienda kuvua sambaza usiku na asubuhi mutumbwi ukaonekana peke yake, mama akabaki anahesabu watoto na anahesabu franga, na hesabu mbili haziingiane. Mama ya Jeanne njo alibaki vile. Mutoto akachunga ng'ombe, akajifunza kusokota nyuzi na kufuma, na alipofika myaka 16 hivi akaenda kuwa boyesi wa jikoni kwa mama mumoja wa ukoo wa wakubwa, na huyo mama, tumushukuru, alikuwa anatembea naye akienda kuona wagonjwa na maskini.

Kijana mumoja baharia alitaka kumuoa. Akakataa. Alimwambia mama yake kwamba Mungu anamuweka kwa kazi yenye haijajulikana bado, yenye haijaanzishwa bado. Haijaanzishwa! Alisema vile akiwa na myaka 20 na kitu, na ile kazi ilikuja akiwa na 47, kwa hiyo munaweza kuhesabu alingoja myaka ngapi, na wakati anangoja hakukaa mikono kwenye magoti, alienda mji wa Saint-Servan akafanya kazi kwenye hopitali mupaka mwili ukamushinda, kisha akatumika kwa mama mumoja muzee myaka 12 mupaka yule mama akakufa. Mapema kabisa aliingia kwenye shirika ya walei ya kusali, ile ya Moyo wa Mama Maria, hakukuwa masere wakati ule, alikuwa mutumishi wa nyumba, na mutu akimuona njiani na ndoo hakumuamkia mara mbili.

Sasa mufike mwaka 1839, wakati wa baridi. Jeanne alikuwa anakaa na mama mumoja muzee, Fanchon, na yatima mumoja msichana, Virginie, wamelipa pamoja vyumba vidogo huko juu ya nyumba ya watu, na mchana Jeanne anaenda kufua na kufanya usafi kwa wenye mali ili wapate mukate. Akasikia habari ya mujane mumoja, Anne Chauvin, kipofu, upande mumoja wa mwili umekufa, hana mutu. Akamuleta. Inasimuliwa kwamba alimubeba mugongoni akapanda naye ngazi, akamulalisha kwenye kitanda chake mwenyewe na yeye akaenda kulala huko chini ya paa.

Hapa Bukavu kubeba tunakujua. Mushuke asubuhi Beach Muhanzi muone bamama, kamba kwenye paji la uso, mugongo umeinama, gunia ya makala ao ya mihogo juu, na kupanda ile milima ya Kadutu mupaka sokoni, na ukikutana naye njiani hawezi hata kuinua kichwa akusalimie, anaona miguu yako tu. Miye nikifikiri Jeanne kwenye ile ngazi ninawaona wao. Kwa hiyo mukiniambia shirika ilianzishwa na mutu mwenye alikuja kisha, na kalamu, ninawauliza tu nani alikuwa kwenye ngazi.

Anne Chauvin akiwa ameshaingia, akaja muzee wa pili, kisha wengine, na 1841 wakahamia kwenye nyumba kubwa kidogo wazee wakawa 12, mwaka wenye ulifuata wakapata nyumba yenye zamani ilikuwa ya watawa, wazee wakafika 40. Watu 40 wanakula kila siku. Franga hakuna. Na hapa njo fasi yenye miye ninapenda sana kwa historia yake yote, juu hao wazee wengi walikuwa waombaji, walizoea kupita kwa malango ya watu, na Jeanne hakutaka warudi njiani, lakini hakuwaambia tu kaeni Mungu ataleta, hapana, aliwauliza mumoja mumoja, wewe ulikuwa unapita kwa nani, nani alikuwa anakupa, akashika majina, akachukua kikapu, akaenda yeye mwenyewe kwa yale malango kuomba kwa fasi yao. Mukate wa jana, kuni, nguo zenye zimechoka, masalio ya meza. Aliona haya, hakuficha kwamba aliona haya, mwanamuke wa Bretagne mwenye alikula jasho yake maisha yote sasa anagonga mulango na kikapu. Kuko siku mutu mumoja alikasirika akamupiga kofi. Jeanne akamushukuru, akamwambia hiyo ilikuwa yangu miye, sasa tafazali unipe kitu kwa maskini wangu. Nilipomusomea koko hiyo nilikuwa nangoja aseme kitu ya kiroho. Aliuliza, "Na akatoa?"

Mupaka leo hao bamasere wanaomba, hiyo haikubadilika, njo alama yao. Na si kwa bahati. Mwaka 1865, Jeanne akiwa zamani ameshasukumwa pembeni, kulikuja swali kama shirika ikubali mapato ya kudumu, yaani pesa yenye inaingia kila mwaka bila kuomba. Wakamuita huyo mama muzee, mara moja tu, akasema tusikubali, tubakie mikononi mwa Mungu, wakafuata, na jina lake liko kwenye ile karatasi pamoja na ya wengine. Mutu mwenye si kitu humuitaki kwa swali kama hiyo.

Turudi nyuma sasa, juu njo hapa jambo lenyewe.

Huyo padiri Auguste Le Pailleur alikuwa vikeri mu parokia ya Saint-Servan. Alisaidia, hakuna mutu anakataa, aliwashauri, aliwatafutia pesa, wasichana wawili wenye waliingia na Jeanne, Marie Jamet na yule Virginie, walikuwa wanaungama kwake. Desemba 1843 bamasere wakachagua tena Jeanne kuwa mukubwa wao. Kisha siku chache padiri akavunja ile kura, peke yake, akamuweka Marie Jamet, msichana wa myaka 23 mwenye alikuwa anamutii kwa kila kitu. Jeanne akachukua kikapu chake akarudia njiani. Hakubishana. Rennes, Dinan, Tours, Angers, kila fasi nyumba inataka kufunguliwa ao inataka kuanguka ni yeye wanatuma, anaomba, anapata, anaendelea mbele.

Na angalieni sasa. Desemba 1845, ni myaka mbili kisha kumuondoa, Académie française, ile kundi ya wanazuoni wakubwa wa Ufaransa, ikamupa Jeanne Jugan zawadi ya Montyon, franga 3000, juu ya kazi yake kwa wazee, na hotuba ikasomwa kule Paris mbele ya wakubwa, jina ni lake, kazi inahesabiwa yake, na watu wa mji wa Saint-Servan njo walikuwa wametuma barua ya kushuhudia. Yaani Paris wanajua nani alianzisha, mji mzima wa kwao unajua, na ndani ya nyumba yenyewe yeye si mukubwa tena. Kwa hiyo mutu asiniambie ile wakati haikujulikana. Ilijulikana! Ni kisha njo iliwekwa giza, na giza haikuingia peke yake, mutu alifunga dirisha.

Mwaka 1852 wakamurudisha kwenye nyumba kubwa kule Rennes, wakamukataza asiendelee kuonana na wale wenye walikuwa wanamusaidia. Akapewa kuangalia kazi za mikono za wasichana wapya. 1856 wakahamia Saint-Pern, fasi inaitwa La Tour Saint-Joseph, shamba kubwa mbali na mji, na kule akabakia mupaka kufa. Tangu 1852 ni myaka 27. Jina yake ya utawa ilikuwa Marie de la Croix, na wanovisi walikuwa wanamuona masere muzee mwenye anatembea na fimbo, anawafundisha namna ya kusali na namna ya kupenda wazee, anawachekesha, na wengi hawakujua kabisa kwamba mbele yao njo mama wa ile nyumba. Walikuwa wanafundishwa kwamba mwanzilishi ni padiri. Historia yenye waliandikiwa iliwaweka wale wasichana wake wawili kuwa wa kwanza, na Jeanne alikuja tu kisha kusaidia. Muko munaona? Ile ile yenye muliandika mwezi wa nane. Uongo wa padiri Le Pailleur umetembea karibu myaka 180 kwa miguu, umevuka bahari, umefika mupaka Bukavu kwa koko yangu na maharagi yake.

Alikufa tarehe 29 mwezi wa 8 mwaka 1879, myaka 86. Shirika ilikuwa na bamasere kama 2400 wakati ule, na Papa Leo XIII alikuwa ametoka kukubali kanuni zao mwaka ule ule. Mwaka 1890 Roma ikamuita Le Pailleur, ikamuondoa, na hakurudia tena kuongoza. Na Marie Jamet, yule mwenye alikalishwa kwenye kiti cha mwenzake, mbele ya kufa kwake 1893 alikubali kwamba si yeye masere wa kwanza wala mwanzilishi, ni Jeanne Jugan, na kwamba kujiita mwanzilishi ni kitu walimuambia tu aseme. Huyo miye ninamuhurumia kupita vile ninamukasirikia, myaka 50 na uongo wa mutu mwingine kwenye mabega yako, na kila siku unakutana na mwenye kiti mu kolidoro.

Mambo ya utakatifu nayapita haraka juu muliyaandika vizuri: mwenye heri 1982, mutakatifu 2009, tarehe 11 mwezi wa 10, siku moja na yule padiri Damien wa Ubelgiji wa wakoma wa Molokai. Mwujiza ulikuwa wa daktari mumoja wa Omaha, Marekani, mwenye alipona kansa ya umio.

Munaweza kujiuliza huyu mama wa Kadutu anapiga kelele ya nini juu ya jambo ya Ufaransa ya zamani. Nitawaambia.

Mama mukubwa wangu, Mungu amupokee, alikuwa anauzisha ndizi sokoni. Kisha vita ya 1996 kulikuwa wazee wengi hapa mujini wenye watoto wao walikufa ao walitawanyika, wanakaa kwa baraza za watu, na yeye akaanza kupika sufuria moja ya maharagi kila siku ya posho, pale mulangoni pake, anawaita. Sufuria moja. Kisha bamama wa shirika yetu ya parokia wakaongeza, huyu mafuta, huyu bugali, huyu anakuja kuosha nguo za wale wenye hawawezi, wakaanza hata kutoa kotizasyo kidogo kidogo kama likelemba vile, na hakuna mutu aliandika kitu mahali popote juu nani atatafuta kalamu na mikono ina masizi. Hiyo ilienda myaka kama tano. Ikatokea mutu mumoja wa kartie mwenye anajua kuandika proje. Akasema bamama munafanya kazi nzuri lakini bila dokima hamutapata musaada. Ilikuwa kweli. Akatafuta dokima, akatafuta kashe, akatafuta pano ya chuma na jina, na kwenye dokima, kwenye fasi ya fondatere, yaani mwanzilishi, akaandika jina yake mwenyewe. Mama mukubwa hakujua kusoma vizuri. Alitia kidole.

Siku ya sikukuu ya myaka kumi walitundika banderoli, kulikuwa batishati, kulikuwa na kesi za Primus, wageni na magari, na yule mutu alisimama na mikro akaelezea namna wazo lilimufikia usiku akiwa anasali. Mama mukubwa walimukalisha kwenye kiti ya plastiki huku nyuma karibu na masufuria. Wakamupa tishati yenye ilikuwa ndogo. Akaipa mutoto wa jirani.

Jina ya huyo mutu sitaandika na musiniombe, alishakufa naye. Lakini munaelewa sasa kwa nini ile mara ya tatu nilisoma kitabu na hasira.

Tena mama mukubwa hakukuwa Jeanne Jugan. Hakunyamaza. Alilalamika kwa kila mutu, sokoni, kwenye misiba, kwa padiri wa parokia, kwa shefu wa kartie, mupaka watu wakachoka wakaanza kumuona anapita wanageuza njia. Na hapa niko na jambo ya kuwaambia bapadiri wetu pia kama wanasoma gazeti hii. Nilikuwa mu retreti moja, muhubiri akatuletea huyu huyu Jeanne, akatusifia kunyamaza kwake, namna alikubali kuondolewa, unyenyekevu, bamama igeni, bamama nyamazeni. Nikaangalia pembeni, ni wanawake peke yao kwenye mabenchi, na kati yao najua watatu wenye walianzisha kitu na leo kiko na jina ya mutu mwingine. Inasimuliwa kwamba Jeanne alimwambia Le Pailleur waziwazi, umeniibia kazi yangu lakini ninakupa kwa moyo mwema. Muko munasikia ile neno ya kwanza? Aliita wizi wizi. Kisha akasamehe. Yule muhubiri alituruka ile nusu ya kwanza akatupa ya pili peke yake.

Kusamehe kwake ni mali yake, ni yeye aliitoa na hakuna mutu anaweza kumulazimisha mwingine aitoe. Miye na weye, Bwana Mhariri, hatukuibiwa kitu pale, kwa hiyo hatuna kitu ya kusamehe, tuko tu na kuandika vile ilikuwa. Roma yenyewe iliandika tena. Hata hao bamasere wenyewe, wenye walikuwa wamefundishwa uongo, waliandika tena.

Na musinielewe vibaya, sijasahau wazee wenyewe. Kila mara hiyo habari ikitoka watu wa hapa wanasema ah, hayo mambo ya nyumba za wazee ni ya Wazungu, siye Waafrika hatutupi wazee wetu. Siku moja nilisema ile vile vile. Lakini tunajua sote yenye inapitika hapa Kivu, koko akiwa na macho mekundu juu ya moshi ya jikoni ya myaka 60, mutoto wa jirani akikufa malaria, usiku ule ule jina ya koko imeshabadilika, ni mulozi, na asubuhi vijana wako mulangoni na mawe ao na petroli, na watoto wake yule koko, wale wenye wanasema siye hatutupi, wako wapi, wamefunga telefoni. Wengine hawachomwi, wanahamishwa tu kila juma kwa mutoto mwingine kama muzigo wenye hauna mwenyewe. Huko Kasarani nilikuta wazee wenye wako na watoto, wengi tu. Sikuwauliza. Nilikata mboga.

Jeanne hakuanza na nyumba ya wazee. Alianza na kitanda kimoja na kilikuwa chake. Sasa kila mutu anataka kuanza na pano ya chuma.

Ninaomba basi, kwa heshima yote, gazeti yenye itakuja muandike mistari mitatu tu kwenye ule ukurasa wa watakatifu, fasi yenye inaonekana, hapana kule nyuma pa matangazo ya viwanja: kwamba Masista Wadogo wa Maskini ilianzishwa na Jeanne Jugan, kule Saint-Servan, mwaka 1839. Kama munataka kuongeza kwamba padiri alisaidia, muongeze, alisaidia.

Nitainunua siku ya yenga kama kawaida na nitamusomea koko ile kwanza, mbele ya mupira na mbele ya bei ya dola. Nilipomuaga jana nilimwambia ninawaandikia, akafurahi, kisha akaniita nikiwa nimeshafika mulangoni. Anasema mukirekebisha muweke na jina ya yule kipofu, Anne Chauvin, juu yeye njo aliingia wa kwanza.

Musomaji wenu,
Kadutu, Bukavu